Aliyeanzisha Mgomo

Wewe ungemtaja mwenzako? Bwana Kihampa, mwenye kiwanda cha mkonge, aliwapanga wafanyakazi wote uwanjani, Afisa Kazi wa serikali akiwa kando yake.

"Nitajieni aliyeanzisha mgomo, la sivyo nyote mnafukuzwa!"

Siwatu, mchambua nyuzi, ndiye aliyekuwa wa kwanza kuzima mashine. Alijitokeza.

"Nikimtaja, bosi, utamfanyaje?"

"Hakanyagi tena hapa! Naapa mbele ya huyu Afisa Kazi."

"Hata akiwa jamaa yako?"

"Hata akiwa mama yangu! Mtaje!"

"Haya, nisaidie kidogo. Wiki iliyopita tulikuwa tunachapa kazi bila neno. Nani alitufutia chai ya saa nne, tukagoma?"

Afisa alifungua daftari, akasubiri. Wafanyakazi walibana vicheko.

"Sema tu, bosi," Siwatu alimbembeleza. "Nani?"

"Mimi," alisema Bwana Kihampa.