Gari Lisilopitwa

Hapo zamani, lakini si zamani sana maana masultani walikwisha kuchoka na farasi, alikuwako Sultani Jaha, mtu wa makeke na mkono mgumu. Huyo aliagiza gari kutoka Uchina, la bei ya bwerere, akalifunga ekzosi ya kunguruma na bawa nyuma, ikawa likipita kuku hujificha, na mwendo wenyewe wa bibi harusi. Kila mlango ulipofunguliwa gari lilisema neno kwa Kichina, na Sultani, kwa adabu zake, akaliitikia, "Waalaikumu salamu."

Basi akajigamba kwa shemeji yake, mtawala wa ng'ambo ya mto, wakaahidiana kushindana kuteremka kilima. Akamwita dereva wake, Makame, akamwambia, "Siku hiyo gari langu lisipitwe na gari lolote, wala asidhurike mtu. Likikosekana moja, shingo yako halali yangu."

Makame akarudi nyumbani, wali ukamshinda. "Breki za gari lile hushika zikitaka," alimwambia mkewe. "Nikilikimbiza nitakufa, nikienda polepole nitauawa."

Mkewe, Mize, mji mzima ulimwita zuzu. Lakini alimpenda mumewe huyo na mashaka yake yote. "Hebu nirudilie alivyosema," alisema, na aliporudiliwa akacheka kidogo. "Kula, baba. Neno la Sultani tutalitimiza lilivyo."

Siku ikafika. Watawala wawili wakangoja kileleni katika gari la shemeji, wakangoja wee, gari la Kichina halikuonekana. Wakateremka kulitafuta, na penye kichochoro baina ya kuta mbili wakalikuta limelazwa kukingama njia, halina hata gurudumu moja. Mize na Makame wamesimama kando, Mize ana spana mkononi. Shemeji akapiga honi hadi akachoka.

"Ewe mwanamke!" Sultani akafoka. "Umeniaibisha mbele ya mgeni!"

"Hasha, bwana wangu," Mize akasema. "Kuna gari lililolipita?"

"Litapita wapi?"

"Kuna mtu aliyedhurika?"

"Hakuna! Lakini halikwenda!"

"Uliamuru lisipitwe, bwana. Kwenda hukutaja."

Sultani kwa ghadhabu akaupiga mlango teke. Lo! Ule wa upande wa pili, wa dereva, ukang'oka ukaanguka maweni, kishindo kikasikika hadi sokoni.

"Hapo ndipo angekaa mume wangu," Mize akasema, na machozi yakamtoka.

Sultani akautazama mlango, akamtazama Makame, akaona haya. Shemeji ndiye aliyeanza kucheka, na Sultani naye akashindwa kujizuia, akacheka hadi kilemba kikamwendea upande. Akamsamehe Makame, akamtoa udereva akampa usimamizi wa farasi, kisha akamvika Mize joho lake mwenyewe.

"Haya, bibi," akasema akijipangusa macho. "Kasri langu liko kule chini. Nami sasa nipite wapi?"

Mize akamfungulia mlango wa gari uliosalia, akainama kwa heshima. "Pita humu ndani, bwana. Mlango wa kule umekwisha kufunguliwa."