Mkojo wa Nahodha

Mnywa kwa siri hukojoa hadharani.

Mmeisikia leo mchana redioni, mtangazaji alipokuwa akisoma habari za yule mchezaji wa ng'ambo aliyepimwa akakutwa na dawa mwilini. Mkacheka mpaka mmoja wenu akamwaga chai. Siwalaumu. Hata sisi tuliicheka siku ilipotamkwa kwa mara ya kwanza, ingawa wengi wetu tulicheka huku machozi yakitutoka. Mnaniuliza imetoka wapi. Imetoka hapa hapa kwetu Korogwe, na mtu aliyesababisha ikasemwa alikuwa shemeji yangu. Basi kaeni niwaeleze ilivyokuwa.

Miaka hiyo nilikuwa nesi katika zahanati ya shamba la mkonge. Shamba lilikuwa na timu ya mpira, Nyuzi Stars, jezi nyeupe zenye kola ya kijani. Nyinyi mmekuta mahali pale pana nyumba na mahindi, lakini palikuwa na uwanja, na pembeni mwa uwanja ilipita reli ndogo ya shamba. Jumamosi ya mechi king'ora cha kiwandani kililia saa sita mchana. Watu walipitia bombani kuosha utomvu wa mkonge, maana unawasha, kisha wakaenda moja kwa moja uwanjani. Matoroli ya kubebea mkonge yalisukumwa yakapangwa relini, na hayo ndiyo yalikuwa majukwaa yetu. Mtu akifunga goli, watu walirukaruka juu ya matoroli mpaka vyuma vikalia. Mpaka leo nikisikia chuma kikigongwa kwa fundi, moyo wangu hukimbilia uwanjani.

Mimi nilikaa benchi na mkoba wangu: bandeji, spiriti, na barafu niliyoitia kwenye chupa ya chai. Wachezaji waliniita Dada Zaina. Niliwafunga vifundo vya miguu, nikawakemea wakila vibaya, nikawaona wakioa na kupata watoto.

Nahodha alikuwa Athumani Shekigenda, mume wa dada yangu Mwajabu. Watu walimwita Korona. Msishtuke, wakati huo jina hilo halikuwa la ugonjwa. Korona ni ile mashine kubwa ya kiwandani inayosaga majani ya mkonge na kutoa nyuzi, inayofanya kazi mchana kutwa bila kupumzika. Athumani ndivyo alivyocheza. Alikuwa kiungo wa kati, jezi namba sita, na mpira ukipotea upande wowote, ungemwona amekwisha kufika.

Basi ukaja mwaka tulioingia Ligi ya Kanda. Wachezaji walianza kulipwa posho ya mpira juu ya mshahara, na timu zikawa zinatoka mbali. Mwaka huo huo waandaaji wa ligi walileta waraka, ukasomwa ndani ya ukumbi wa klabu. Ulisema kila baada ya mechi zitachaguliwa namba mbili za kila timu kwa kura, na wenye namba hizo watapimwa mkojo. Mchezaji atakayekutwa ametumia dawa ya kuongeza nguvu kwa makusudi atafungiwa miaka miwili, na timu yake itanyang'anywa ushindi wa siku hiyo. Ikiwa ni mtu wa tiba wa timu aliyempa dawa kwa makosa, mchezaji ataonywa na ushindi utabaki, lakini mtu huyo wa tiba hatahudumia timu tena maisha yake, na jina lake litapelekwa kwa wakubwa wanaotoa leseni.

Hatukuutilia maanani. Mzee Kilua, aliyekuwa bawabu wa lango la uwanja, aliuliza kama supu ya makongoro nayo ni dawa ya kuongeza nguvu. Ukumbi ukaangua kicheko, mkutano ukaisha.

Athumani alikuwa na miaka thelathini na minne. Mimi niliyekaa karibu niliona. Katikati ya mazoezi aliinama kufunga kamba za viatu, na zile kamba hazikuwa zimefunguka. Alikuwa anatafuta pumzi. Siku moja nikamwambia, "Shemeji, pumzika mechi mbili tu. Mwili unaomba."

Akatabasamu. "Nikipumzika, Zaina, watazoea kucheza bila mimi."

Nililijua alilokuwa analiogopa. Mchezaji wa Nyuzi Stars alipewa kazi nyepesi ofisini au ghalani, na akistaafu mpira alirudi kukata mkonge shambani kama wengine. Lakini nadhani hilo halikuwa kubwa kuliko lile la kutosikia tena jina lako likiimbwa kutoka kwenye matoroli.

Majuma mawili kabla ya nusu fainali akabadilika. Alianza kukimbia kama kijana wa miaka ishirini. Kocha alifurahi, dada yangu akafurahi, mji mzima ukafurahi. Nami nilifurahi, na hilo ndilo linalonichoma mpaka leo, kwamba nesi mzima nilifurahi bila kuuliza.

Nusu fainali tulicheza na Sahare Rovers, hapa nyumbani. Zikiwa zimebaki dakika mbili, tukiwa sare ya goli moja kwa moja, Athumani aliuchukua mpira ndani ya nusu yetu. Akampita wa kwanza, akampita wa pili, akaenda nao peke yake, na watu wakanyamaza kabisa, kama mnavyonyamaza mkimtazama mtu anayevuka mto uliojaa. Akafunga. Tukashinda mbili kwa moja. Fainali nayo ilipangwa kuchezwa hapa hapa, na hilo lilikuwa halijatokea tangu shamba lianzishwe.

Watu walikuwa bado wanacheza ngoma uwanjani wakati afisa wa ligi alipotoa kura. Namba ya kwanza ya upande wetu ilikuwa ya golikipa. Ya pili ilikuwa sita.

Walipewa chumba cha karani wa ghala. Utaratibu ulikuwa kwamba afisa asimame amtazame mtu akijaza kikombe, asije akabadilisha. Golikipa alimaliza mara moja. Athumani akashindwa. Akapewa maji, akashindwa. Akapewa soda mbili, akashindwa. Nje watu walipopata habari wakatunga wimbo, "Korona kojoa, twende fainali," wakauimba kwa makofi. Waliona ni jambo la kuchekesha, shujaa wao ameona haya.

Nikaitwa nikamwangalie. Nilipomshika mkono, mapigo ya moyo yalikuwa yanakwenda mbio kama bado yuko uwanjani, na mechi ilikuwa imekwisha saa nzima. Hapo nikaelewa.

"Shemeji," nikamwambia polepole, "umekunywa nini?"

"Maji," akasema, bila kunitazama.

Adhana ya magharibi ilipoanza ndipo alipofaulu.

Majibu yalikuja baada ya majuma matatu. Mkojo wa namba sita ulikuwa na dawa. Barua ilisema kutakuwa na kikao cha kusikiliza shauri, na fainali ikasogezwa mbele.

Mnaweza kudhani watu walimgeukia Athumani. La. Walinigeukia mimi. Ni nani mwenye sindano na vidonge? Gazeti moja liliandika kwamba "nesi wa timu anatajwa." Nilipokwenda bombani kuteka maji, wanawake waliokuwa wakizungumza walinyamaza, wakanipisha niteke kwanza, kama unavyompisha mgonjwa.

Siku mbili kabla ya kikao, mwenyekiti wa klabu, Bwana Mntambo, alikuja nyumbani kwangu. Alikuja na dada yangu Mwajabu, na nilipowaona pamoja nikajua mazungumzo yamekwisha kufanyika kabla hawajafika.

"Zaina," alisema mwenyekiti, "hatukuombi uongo mkubwa. Useme tu kwamba nahodha alikuwa na mafua, ukampa dawa, hukujua kama imekatazwa. Yeye ataonywa. Ushindi utabaki. Fainali tutacheza hapa."

"Na leseni yangu?"

"Mambo yakipoa tutakusemea kwa wakubwa."

Nikamtazama dada yangu. Alikuwa anachezea uzi wa mkeka. Akasema bila kuinua uso, "Mdogo wangu, ana watoto wanne. Nao ni wanao."

Wanangu, sitawadanganya. Nilikubali. Sikukubali kwa mdomo, lakini waliondoka wakijua nimekubali. Niliwaza wale watoto, nikawaza matoroli yaliyojaa watu, nikasema moyoni, mtu mmoja akiumia na mji ukafurahi, si hasara.

Kikao kilifanyika ndani ya ukumbi wa klabu. Walikuja maafisa watatu wa ligi, na mwenyekiti aliomba wanachama waruhusiwe kusikiliza. Ukumbi ulijaa, madirisha yakajaa vichwa. Athumani alikaa mbele, amevaa kanzu, mikono juu ya magoti.

Mkubwa wa maafisa akaniita mimi kwanza. Nikasimama. Nilikuwa nimefungua mdomo niseme yale tuliyopatana, nikasikia kiti kikiburuzwa.

"Mheshimiwa," alisema Athumani, "naomba huyu akae."

"Zamu yako itafika, nahodha."

"Ikifika zamu yangu atakuwa amekwisha kusema uongo kwa ajili yangu. Naomba akae."

Afisa akanionyesha kiti kwa mkono. Nilikaa.

"Dawa niliinunua mwenyewe mjini Tanga," Athumani akasema, "kwa mtu anayewauzia wanamichezo. Niliitia kwenye chupa ya dawa ya kikohozi. Nilikuwa nakunywa asubuhi nyuma ya stoo ya kamba, kabla wenzangu hawajafika. Nesi hakujua. Kocha hakujua. Mke wangu hakujua."

Mwenyekiti akainuka. "Athumani, ndugu yangu, fikiri kwanza. Fainali hiyo unaitupa."

"Nimefikiri, Bwana Mntambo, tangu siku ile ghalani. Nilisimama na kikombe mkononi, mtu mzima, baba wa watoto, na mwanamume mwenzangu amekaza macho ananitazama. Nje mji mzima unaimba nikojoe. Nikakumbuka kwamba nilipokuwa nakunywa sikutaka hata panya wa stoo anione."

Mzee Kilua alikuwa amesimama mlangoni, kama alivyozoea, maana hata ukumbini alikuwa ni mtu wa mlangoni. Akasema, si kwa sauti kubwa, kama anayejisemea mwenyewe:

"Ndivyo ilivyo. Mnywa kwa siri hukojoa hadharani."

Mtu mmoja dirishani akacheka, kisha mwingine, kisha ukumbi wote, hata wale maafisa. Athumani naye akacheka, mabega yakamtikisika, mpaka tukaona kwamba hacheki tena. Mwenyekiti akatoka nje. Mimi nilijifunika uso kwa khanga.

Hukumu ikawa kama waraka ulivyosema. Athumani alifungiwa miaka miwili, na kwa umri wake hiyo ilikuwa ni kufungiwa moja kwa moja. Ushindi wetu ulifutwa. Sahare Rovers wakacheza fainali, tena ikahamishiwa uwanja mwingine, na siku hiyo sisi tulikaa majumbani tukiisikiliza redioni kama tunasikiliza habari za msiba. Mimi jina langu lilisafishwa, nikafanya kazi zahanati pale pale mpaka nilipostaafu.

Dada yangu hakunitazama usoni kwa muda. Kisha asubuhi moja akaja na bakuli la bada, ule ugali wetu wa muhogo, na mboga, akaliweka mbele yangu. "Nisamehe," akasema. "Nilikuuza." Nikamwambia hata mimi nilikuwa nimekwisha kujiuza. Tukala pamoja.

Athumani alirudi kukata mkonge. Mwaka wa kwanza ulikuwa mgumu. Wengine hawakuitikia salamu yake, na watoto walimwimbia ile methali njiani akitoka shambani na panga begani. Hakuwafukuza. Siku moja nilimwona amesimama akamrekebisha mmoja aliyeikosea. "Siyo 'mlevi'," alimwambia, "ni 'mnywa'. Mimi sikulewa." Baada ya hapo ule utani ukapoteza makali. Methali ikawa yake. Kila kijana mpya aliyesajiliwa Nyuzi Stars, Athumani alimwalika nyumbani, akamlisha, akampa kisa chake chote, na mwisho akamwachia ile methali. Wachezaji wakaenda nayo timu nyingine, timu zikaenda nayo mikoani, na sasa mmeisikia kwa mtangazaji asiyejua hata Korogwe iko wapi.

Bei ya mkonge ilipoanguka, kiwanda kilifungwa, timu ikafa, matoroli yakauzwa kama chuma chakavu. Athumani tulimzika mwaka wa mafuriko. Walikuja wazee wanne kutoka Tanga ambao sikuwatambua. Walikuwa wachezaji wa Sahare Rovers wa siku ile. Mmoja aliniambia kwamba lile goli lake, halali au si halali, hajawahi kuona jingine kama lile, na kwamba hata hivyo alipanda basi kuja kwa sababu ya yale ya ukumbini.

Watu hudhani methali hii inasema tu kwamba mficha jambo atakamatwa. Mimi nilimuuliza mwenyewe, uzeeni, kama haimuumizi kuisikia. Akasema, "Zaina, mimi nilikojoa mara mbili. Ghalani walinisimamia, na moyo uliniuma siku nyingi. Ukumbini nilisimama mwenyewe, na usiku ule nililala usingizi." Nilikuwapo mara zote mbili, na nilimwelewa.

Kwa hiyo mkiisema, semeni mkijua inambeba mtu. Ulichokificha kitatoka mbele za watu, upende usipende. Kilichobaki mikononi mwako ni kama utasubiri usimamiwe, au utasimama mwenyewe kabla mwingine hajabebeshwa. Mnywa kwa siri, wanangu, hukojoa hadharani.