Fahali wa Mechi ya Mwisho ya Amemiya

Hapo zamani, wala si zamani sana maana taa za umeme zilishakuwapo, huko Japani, katika mji wa Mizukawa, alikuwapo mchezaji wa besiboli aitwaye Tokuji Amemiya. Kazi yake ilikuwa kusimama nyuma kabisa uwanjani, angojee mpira uliopigwa kwa gongo, audake kabla haujagusa ardhi. Misimu kumi na minane alisimama huko. Alikuja na nywele, zikaisha. Alikuja na mbio, zikaisha. Na hakuitwa hata siku moja kupanda jukwaa la shujaa wa mechi.

Siku ya mechi yake ya mwisho, mwenye timu akatangaza: "Atakayetuokoa leo atapanda jukwaani, na ataondoka na fahali huyu!"

Fahali mwenyewe alikuwa mweusi, mnono, kavishwa utepe shingoni. Amemiya akameza mate. Hakumtamani kwa nyama. Alitamani kusikia jina lake likiitwa.

Mechi ikafika mwisho. Timu yao inaongoza kwa pointi moja, wapinzani wamebakiwa na mpigaji mmoja, na wenzake wawili wako njiani tayari kukimbilia pointi. Mpira wake ukianguka chini, kina Amemiya wamekwisha, ukidakwa, wameshinda. Mpigaji, jitu la mtu, akapiga, paa! Mpira ukapanda, ukapotelea kwenye mwanga wa taa.

Amemiya akakimbia mbele. Akakimbia nyuma. Haoni kitu. Kofia ikamdondoka. Mara, kati ya watu elfu ishirini, akasikia sauti moja:

"Baba Naoko, kushoto! Kushoto, nimesema!"

Alikuwa mkewe, Sachie. Miaka ishirini na mitano Amemiya hakuwahi kubishana na sauti ile. Miguu ikageuka yenyewe. Akaenda kushoto, na mpira ukamtua utosini, ko! Ukaruka juu tena. Ndipo Kubota, mwenzake mnene wa upande wa kulia, ambaye hajakimbia tangu msimu uanze, akajirusha kwa tumbo kama gunia la mchele, akaudaka shubiri moja kutoka ardhini.

Wameshinda! Uwanja ukalipuka kwa shangwe, na ugomvi ukaanza.

"Fahali ni wangu," akasema Kubota, nyasi zimemjaa mdomoni. "Kaka Amemiya, nakuheshimu sana, lakini aliyedaka ni nani?"

"Ungedaka nini bila utosi wangu?" akajibu Amemiya. "Umande? Na nundu hii, je, ni yako?"

Sachie alikuwa amesharuka ukuta, bakuli la tambi mkononi. "Nyamazeni! Nyinyi mlikuwa na macho manne na glavu mbili. Aliyeuona mpira ni nani?"

"Mke wangu, ulisema kushoto. Kushoto kwako au kwangu?"

Sachie akamnyooshea bakuli. "Mpira umedakwa au haukudakwa?"

Wakamgeukia mwamuzi. Mwamuzi akafungua kitabu chake, akasoma, akakifunga. "Sheria inasema mpigaji ametoka mchezoni. Kuhusu ng'ombe haisemi kitu."

Amemiya akalitazama jukwaa. Lilikuwa na ngazi tatu tu, na nafasi ya mtu mmoja. Moyoni alijua kwamba mpira hakuuona kabisa. Lakini kichwa kilimuuma kweli kweli. Mwenye timu akashika maikrofoni, akafungua kinywa.

Haya, wasikilizaji, msaidieni: mikono iliyodaka, utosi uliogongwa, au mdomo uliopiga kelele? Je, ni nani aliyestahili kuitwa?