Kitambaa Hakikamuliwi

Hadithi hii ni fupi. Isome taratibu, halafu mpelekee mtu unayefanya naye kazi.

Palikuwa na mama mmoja, Bi Mwanakheri, aliyetengeneza mafuta ya kupaka mwilini. Alipika mafuta ya nazi, akaloweka ndani yake mrehani na maua ya asumini, kisha akayachuja kwa kitambaa. Mji mzima ulimjua. Aliishi na Siwatu, binti wa kaka yake, akamfundisha kazi hiyo.

Alimfundisha kwamba kitambaa kipya huchemshwa kwanza ili kitoe wanga wa dukani. Huoshwa bila sabuni, kwa sababu mafuta hushika kila harufu. Huanikwa juani mpaka kikauke kabisa. Na mafuta yakishamiminwa, kitambaa huning'inizwa juu ya chungu, kikaachwa kidondoshe chenyewe. Hakikamuliwi. Ukikikamua, maji ya majani na mashapo hupenya, na mafuta hayakai.

Siku moja ikaja habari kwamba binti wa mfalme anaolewa, na mafuta yake ya harusi yatatoka kwa Bi Mwanakheri. Siwatu akaning'iniza kitambaa, akakaa kando kungoja. Shangazi yake akaingia na kelele.

"We Siwatu! Hilo tone unalikodolea macho kama unatafuta mwezi wa Idi?"

"Shangazi, si wewe uliyeniambia hakikamuliwi?"

"Nilikwambia wakati sina wateja. Sogea huko!"

Akakishika kitambaa kwa mikono miwili, akakisokota mpaka kikalia. Chungu kikajaa haraka. Akafurahi, akajaza chupa, akazipeleka mwenyewe.

Haukupita muda mrefu, somo wa bibi harusi, yaani mwanamke aliyekuwa akimtunza na kumfunda, akazifungua zile chupa. Mafuta yalikuwa yamechacha. Bi Mwanakheri na Siwatu wakaitwa mbele ya mfalme.

"Nani aliyeyachuja haya?" mfalme akauliza.

Bi Mwanakheri akatazama chini. "Ni huyu mtoto, Bwana Mfalme. Watoto wa siku hizi wana haraka."

Siwatu akageuka. "Shangazi!"

"Nyamaza. Unaongea mbele ya wakubwa."

Mfalme akasema, "Mmoja wenu ameharibu mafuta ya mwanangu. Huyo hatauza tena hata tone moja katika mji huu. Lakini lawama zingoje, bibi harusi hana cha kupaka. Kila mmoja apewe chungu na kitambaa, achuje mengine."

Wakapelekwa uani. Somo akaketi karibu yao, akichambua mchele. Vitambaa vikaning'inizwa. Siwatu alilia kidogo, akajifuta machozi, akatuliza macho kwenye chungu chake. Tone likashuka. Baada ya kitambo, likashuka jingine.

Jikoni wakaanza kupakua pilau. Ngoma zikasikika mlangoni. Bi Mwanakheri akatazama chungu, akatazama mlango. Alikuwa akiwaza namna ya kujitetea. Na huku akiwaza, mikono yake ikapanda yenyewe, ikakishika kitambaa, ikaanza kukisokota.

"Bi Mwanakheri," somo akasema polepole, bila kuacha mchele wake. "Unafanya nini?"

Mama wa watu akaitazama mikono yake kana kwamba ni ya mtu mwingine. Ilikuwa inang'aa mafuta mpaka viwikoni.

Mfalme alipoambiwa, alimwita Siwatu. "Kuanzia leo, mafuta ya nyumba hii utatengeneza wewe. Shangazi yako nimeshampa hukumu yake."

Siwatu akapiga magoti. "Bwana Mfalme, asiuze, sawa. Lakini naomba nifanye naye kazi."

"Huyu huyu aliyekusingizia?"

"Huyu huyu. Kabla wateja hawajawa wengi, alijua kungoja. Mimi sikujifunza kwa mtu mwingine."

Mfalme akakubali kwa kichwa.

Siwatu aliporudi uani, Bi Mwanakheri akafunika uso kwa ncha ya kanga. "Mwanangu, nimekukosea."

"Umenikosea, Shangazi. Njoo ukae, mafuta bado hayajaisha kuchujika."

Akamsogezea kigoda. Yule mama akakaa, mikono akaiweka mapajani. Nje watu walikuwa wakipiga vigelegele, lakini wao wawili hawakunyanyuka mpaka kitambaa kilipoacha kudondosha.

Funzo: Ulimi unaweza kumsingizia mwenzako, lakini mikono hufanya kile ilichokizoea. Izoeze kufanya vema hata unapokuwa peke yako.