Mtoto wa Bi Cheche Aliyefichwa na Mwanga

— Paukwa!

— Pakawa!

— Nina kisa, niwape au nikilalie?

— Tupe!

— Na atakayesinzia?

— Atasimuliwa na kuku!

Haya. Hapo zamani za kale, mbingu ilipokuwa bado na majirani wachache, paliondokea nyota mdogo mwekundu, jina lake Bi Cheche. Moto wake ulikuwa haba, wa kuchomea muhogo mmoja. Lakini moto haba una sifa yake, haumalizi kuni. Nyota wakubwa waliwaka kwa fujo wakafa vijana. Bi Cheche aliwaka polepole, akadumu.

Siku moja akajaliwa mtoto. Mtoto wa nyota ni sayari, na sayari haina mwanga wake. Huyu alikuwa mdogo, mweusi, mawe matupu, na mama alimpenda kupita kiasi. Alimzunguka mama yake karibu karibu, wala hakumwondolea uso.

Basi mbinguni pana desturi. Mtoto akizaliwa hutolewa nje mbele ya baraza, wote wamwone, ndipo apewe jina. Asiye na jina hana njia. Husukumwa mbali na mama yake, akatangatanga gizani peke yake, hana joto, hana pa kuzunguka. Wako waliopotea hivyo, na mpaka leo hawajarudi.

Siku ya kumtoa mtoto ikafika. Mkuu wa baraza alikuwa Mzee Samawati, nyota mkubwa wa buluu, mwenye haraka kama mtu aliyeacha maziwa jikoni. Akaja na dada wa Kilimia, nyota wakaao kundi moja, wale ambao shughuli ya mtu haiwapiti.

"Hodi hapa!"

"Karibuni, wazee wangu."

"Mtoto yuko wapi?"

"Huyu hapa, ananizunguka."

Wakakodoa macho, wasione kitu. Sasa nyota, jamani, kila jambo wanalitafuta kwa mwanga. Mzee Samawati akasema, "Ongezeni mwanga!" Wakaongeza, wasione kitu. "Ongezeni tena!" Wakaongeza, wasione kitu. "Ongezeni zaidi!" Ndiyo kwanza wakapofuka.

"Bi Cheche, mtoto huna," akasema Mzee Samawati. "Umekaa peke yako mno."

Dada wa Kilimia wakacheka, kwi kwi kwi. "Shoga, huyo wa ndotoni!"

"Ninaye!" akalia Bi Cheche. "Nimemzaa mimi, nitamkosaje?"

"Basi tutarudi mara tatu. Mara ya tatu tusipomwona, njia hiyo itafungwa, na chochote kilichomo kitafagiliwa nje."

Wakaenda zao. Kutoka upande wa giza ikasikika sauti ndogo.

"Mama, wanasema sipo."

"Upo, mwanangu. Zunguka."

Alisema hivyo kwa sauti ya ukakamavu. Lakini aliogopa, akaogopa sana.

Siku zile Kinyonga alikuwa akikaa huko juu, kabla hajashuka kwetu vichakani. Bi Cheche akamwita.

"Kinyonga, ndugu yangu, una macho mawili na kila moja lina safari yake. Nitafutie mwanangu wamwone."

Kinyonga akajibu polepole, kama kawaida yake. "Mtoto simtafuti. Nitamtazama mama."

"Mimi? Mimi si wote wananiona?"

"Wanakuona. Hakuna aliyewahi kukutazama."

Kinyonga akatulia. Akatazama. Akatazama. Akatazama. Mara uso wa Bi Cheche ukafifia, kidogo tu, kama taa iliyopitiwa na mbu mbele yake. Kisha ukarudi ulivyokuwa.

Baraza likaja mara ya kwanza. Kinyonga akasema, "Uso wake umefifia. Kuna aliyepita."

"Amesinzia huyo," akasema Mzee Samawati, na kabla ya salamu kwisha alishaondoka.

"Mama, wanasema sipo."

"Upo, mwanangu. Zunguka."

Kinyonga hakubishana na mtu. Akangoja uso ufifie, ndipo akaanza kubembea, mbele, nyuma, kama mnavyomwona tawini, na kila akibembea akahesabu. Kumbe mwendo ule mnaoucheka ndiyo saa yake! Alipofika mia saba, uso wa Bi Cheche ukafifia tena, kiasi kile kile.

Baraza likaja mara ya pili. "Umefifia tena," akasema Kinyonga.

"Ni doa," akajibu Mzee Samawati. "Nyota gani hana doa usoni?"

"Yawezekana," akasema Kinyonga. Alikuwa mkweli, hakupenda kubahatisha. "Lakini doa lina mambo yake, halifuati hesabu yangu. Nikibembea mia saba nyingine, uso huu utafifia. Njooni mhesabu wenyewe."

Walipoondoka, Bi Cheche akamgeukia kwa hasira. "Mbona umewaambia mapema? Na nisipofifia?"

"Ndiyo maana nimesema mapema. Kusema jambo likishapita, hata mbuzi anaweza."

Sauti ndogo ikaja tena. "Mama, wanasema sipo. Niende zangu gizani, wasikucheke?"

Bi Cheche akalia machozi ya moto. "Mwanangu, wakinicheka nitapona. Ukiondoka sitapona. Zunguka."

Mtoto akazunguka.

Baraza likaja mara ya tatu, limejaa pomoni, maana habari za aibu hazihitaji mwaliko. Kinyonga akasema, "Wazee, punguzeni taa zenu."

"Tupunguze?" Mzee Samawati alishangaa. "Tutaonaje?"

"Ndiyo hivyo. Punguzeni."

Wakapunguza, kwa shingo upande. Kinyonga akaendelea kubembea pale alipofikia, na baraza likahesabu naye. Walipofika mia sita na tisini, Mzee Samawati akainuka. "Imetosha, nina haraka!"

Dada mmoja wa Kilimia akamvuta. "Kaa, Mzee. Hata mimi sasa nataka kujua."

Mia sita tisini na nane. Mia sita tisini na tisa. Mia saba.

Uso ukafifia! Na kwa kuwa taa zao zilikuwa chini, wakamwona kwa macho yao, doa dogo jeusi, mviringo kamili, likivuka taratibu kutoka shavu hadi shavu la mama yake. Dada wa Kilimia wakapiga vigelegele mpaka mbingu ikatikisika.

Mzee Samawati akainamisha kichwa. "Bi Cheche, nimekukosea. Nilikuja na taa, sikuja na macho. Mpe mwanao jina."

"Kivuli," akasema Bi Cheche kwa furaha.

"Kivuli!" baraza likaitikia mara tatu, na njia ikawa yake.

Baraza lilipokuwa likitawanyika, nyota mmoja hafifu, ambaye hakuna hata aliyejua kama alikuwapo, akasogea kwa haya. "Kinyonga, na mimi ninaye. Niliogopa kusema."

Nyuma yake mwingine akasema, "Na mimi." Na mwingine, "Na mimi." Na mwingine, na mwingine, mpaka kila upande wa mbingu palikuwa na mama aliyekuwa amenyamaza.

"Mmoja mmoja," akasema Kinyonga, "na msinisukume."

Bi Cheche akamshika mkono yule hafifu. "Simama hapa, shoga yangu, usitikisike. Wako anakuja."

Basi, wenzangu, usiseme "hakuna" kwa kuwa wewe hujaona. Usiyemwona, mtazame jirani yake kwa subira, utamjua.

Siku hizi wataalamu wa nyota wanafanya vile vile alivyofanya Kinyonga, na watoto waliokwisha kuwaona wamepita elfu tano. Majina yamewaishia, sasa wanawapa herufi na namba kama pikipiki. Siwalaumu. Mimi wangu ni saba tu, na kila asubuhi namwita huyu akaitika yule.

Kisa changu kimefika kwao. Kikiwa kitamu, kibebeni. Kikiwa kichungu, nirudishieni nikitie sukari.