Matanga ya Nguchiro

Paukwa!
— Pakawa!
Pakawa nini?
— Pakawa upepo!
Haya, mwenye usingizi na alale. Ngano itamkuta huko huko ndotoni.

Hapo kale, ziwa lilikuwa halijaamka vizuri. Ukungu juu, maji chini, na katikati kimashua cha Nguchiro. Nguchiro anatengeneza kamba zake, anaimba polepole: "Natweka matanga, mama, natweka matanga…"

Fisi, nusu usingizi kwenye matete, akasikia "naweka matanga". Mate yakamchuruzika! Penye matanga pana msiba, na penye msiba pana sufuria. Akaja mbio, puku puku puku.

"Pole, mpwa wangu! Nani kafa?"

"Hajafa mtu, mjomba. Ni matanga ya chombo. Nachagua la mbele, kubwa au dogo."

"Pilau je?"

"Hakuna."

"Matanga bila pilau!" Fisi akaghadhibika. "Basi nakula wewe mwenyewe, yawe matanga kweli."

Moyo wa Nguchiro ukapiga du, du, du. Aliogopa, jamani, msimcheke. "Mimi mfupa mtupu, mjomba. Kisiwani kuna ng'ombe kafa, hana mwenyewe. Chagua tanga, twende."

Upepo ulishaanza, vuuu. Upepo ule, mwenye akili hufunga dogo. Fisi akarukia chomboni, akatazama dogo. Akatazama kubwa, jeupe, laini.

"Kubwa!"

"Hilo lina nguvu, mjomba."

"Kwani mimi sina?"

Nguchiro akafunga pembe ya chini ya tanga mbele ya chombo, fundo la kuvuta mara moja. Pembe ya nyuma ikabaki na kamba yake. "Hii hushika mwenye safari." Fisi akajifunga nayo kiunoni, fundo juu ya fundo, asije akanyang'anywa ng'ombe wake.

Nguchiro akavuta henza, kamba ya kupandishia, kwiri, kwiri, kwiri. Tanga likapanda. Upepo, vuuu! Likajaa, puu! Nguchiro akafungua fundo la mbele, akaachia na henza.

Fisi akapaa taratibu, macho kafumba, anaota maini. Ukungu unampapasa miguu. Kufumbua macho, ziwa limekuwa kama sahani.

"Mpwa wangu! Anua matanga!"

"Aa, mjomba! Matanga hayaanuliwi siku ile ile!"

Nguchiro akafunga tanga dogo, akaenda zake anaimba.

Funzo lenyewe ndilo hili: ukipewa kubwa na dogo, chagua kubwa. Fisi alichagua kubwa, na mpaka leo hakuna fisi aliyefika juu kama yeye. Ngano nimeikunja, kamba nawaachia nyie. Shikeni kwa mkono, msijifunge kiunoni.