Kengele ya Bwana Shekue

Ngee! Kengele ya shaba ililia mara moja usiku karakanani. Nikacheka, nikalala tena. Kuamka si kipaji changu.

Jioni iliyotangulia, tajiri Shekue, aliyeniita Kuku kwa miguu yangu myembamba, alikuwa ametaka niipake fedha. "Ikibanduka kwa kosa lako, Kuku, karakana ni yangu. La sivyo, nitakuita kwa jina lako."

"Usiiguse tu, bwana. Nimeshaisugua. Hata mafuta ya kidole huzuia fedha kushika. Mimi, mwoga, huvaa glavu."

Asubuhi niliipaka. Nilipoifuta mbele ya majirani, fedha ilibanduka, ikaacha alama za vidole sita vya mkono mmoja.

"Karakana yangu," akasema Shekue.

"Yako, bwana. Ila mkono wangu una vitano."

Majirani wakautazama wake. Akauficha ndani ya kanzu.

"Kosa langu," akanong'ona, "Fundi Mwanamvua."